Bruxelles kwa Siku Mbili, kwa Macho ya Likasi

Mtu wa Likasi haendi Bulaya kutembea tu. Anakwenda kwa mkutano wa kampuni, kwa semina ya parokia, kumsindikiza mzee hospitali, au kuhudhuria ndoa ya binti wa shangazi aliyehamia Liège zamani. Kutazama jiji kunakuja mwishoni, katika nafasi iliyobaki kati ya shughuli na ndege ya kurudi: siku mbili, pengine moja na nusu. Ndugu wenyeji nao wako kazini. Basi mgeni anapewa tiketi ya metro, anaoneshwa kituo, halafu anaachwa apambane na Bruxelles peke yake.

Na amefika hapo kwa gharama. Viza ya Schengen ya muda mfupi, ile inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, inatozwa yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, kabla hata ya kutaja tiketi ya ndege kutoka Lubumbashi. Ndiyo maana wengi hutaka kumaliza Ulaya yote kwa mkupuo mmoja: asubuhi Bruxelles, mchana Bruges, jioni Paris, kwa kuwa treni ya kasi hufika Paris kwa chini ya saa moja na nusu. Wanarudi na simu iliyojaa picha za vituo vya treni.

Bruxelles peke yake inatosha. Kwa mtu aliyekulia Kikula au Panda, inatosha na kubaki, maana hili ni jiji la kale la Ulaya ambalo ndani yake kuna kurasa za historia ya Likasi, nyingine zimeandikwa kwa shaba yenyewe. Anayefuata kurasa hizo atapita mbele ya majengo yale yale wanayoyapiga picha watalii wa Japani na Marekani, ila atakuwa na maswali ambayo wao hawana.

Aanzie Grand-Place, kama kila mtu, lakini aende mapema. Kabla ya saa tatu asubuhi uwanja huo ni wa wafagiaji na magari ya kuleta bia kwenye mikahawa. Baada ya saa tano hakuna pa kusimama. Kutoka kituo cha treni cha Gare Centrale ni mwendo wa dakika tano kwa miguu.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba karibu uwanja wote ni mpya kuliko unavyoonekana. Agosti 1695 majeshi ya Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa, chini ya Jemadari Villeroy, yaliupiga mji mizinga kwa siku tatu, na nyumba zaidi ya 4,000 zikateketea. Mnara wa jumba la manispaa, wenye urefu wa mita 96 na uliokamilika 1455, ulikuwa shabaha nzuri ya wapigaji mizinga. Kwa ajabu ndio uliobaki umesimama. Vyama vya mafundi na wafanyabiashara, yaani wapika bia, waoka mikate, wachinjaji na washona nguo, vilijenga upya nyumba zao kwa muda wa miaka michache tu, kila chama kikitaka kumpita jirani kwa sanamu na dhahabu. Ushindani huo wa majivuno ndio ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1998.

Mgeni akisimama katikati na kulitazama jumba la manispaa vizuri, ataona kwamba mnara hauko katikati. Upande wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia. Waongozaji watalii husimulia kwamba mjenzi alipogundua kosa lake alijirusha kutoka juu. Hadithi tamu, lakini ni hadithi: upande wa kushoto ulianza kujengwa 1402, na ule wa kulia uliongezwa miongo kadhaa baadaye kwenye nafasi iliyokuwapo. Pembeni mwa jumba hilo kuna nyumba yenye sanamu ya bata maji mlangoni, Le Cygne. Ilikuwa ya wachinjaji, kisha ikawa mkahawa, na humo ndimo kilimozaliwa Chama cha Wafanyakazi cha Ubelgiji mwaka 1885. Mwaka huo huo Dola Huru ya Kongo ilitangazwa kuwa mali ya Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji. Wafanyakazi waliokuwa wakidai haki zao uwanjani hapo hawakujua bado ni wafanyakazi gani wengine walikuwa wanakuja kuongezwa kwenye hesabu.

Manneken Pis, kile kitoto cha shaba nyeusi kinachokojoa, kiko hatua chache kutoka hapo. Kina urefu wa nusu mita na ushee, na kila mgeni hushangaa jinsi kilivyo kidogo. Kilitengenezwa na Jérôme Duquesnoy mwaka 1619. Kinachoonekana mtaani ni nakala, na chenyewe kimehifadhiwa katika makumbusho ya jiji palepale Grand-Place. Kina nguo zaidi ya 1,000 zilizotolewa na nchi na vyama mbalimbali. Dakika tano zinamtosha. Gofri zinazouzwa jirani yake, zilizolundikiwa krimu na matunda hadi hazishikiki, wenyeji hawazili. Anayetaka gofri ainunue ya kawaida, ya moto, yenye sukari tu.

Kuanzia hapo njia inapanda. Bruxelles ina mji wa chini, wa wafanyabiashara, na mji wa juu, wa wafalme na mabenki, na ngazi za Mont des Arts ndizo zinazoiunganisha. Watalii hupandia hapo ili wageuke nyuma na kupiga picha ya bustani na ule mnara. Mtu wa Likasi ageuke upande wa pili, kwenye ukumbi mkubwa wa mikutano ulio pembeni mwa bustani, ambao leo una mlango wa vioo na unaitwa Square. Mwaka 1960 uliitwa Palais des Congrès.

Humo ndimo ulimofunguliwa Mkutano wa Meza ya Duara, tarehe 20 Januari 1960, kuzungumzia uhuru wa Kongo. Mtu mmoja muhimu hakuwapo. Patrice Lumumba alikuwa amekamatwa Stanleyville kufuatia ghasia za mwishoni mwa 1959. Tarehe 21 Januari alihukumiwa kifungo cha miezi sita, kisha akasafirishwa hadi gereza la Jadotville. Yaani Likasi. Wajumbe wa Kongo waliokuwa Bruxelles walikataa kuendelea bila yeye, na Wabelgiji wakalegeza. Akatolewa gerezani, akapandishwa ndege, na tarehe 26 Januari akatua Bruxelles akiwa na bandeji kwenye vifundo vya mikono, akiwaonesha wapiga picha alama za pingu. Kesho yake, tarehe 27, ikatangazwa kwamba Kongo itakuwa huru 30 Juni.

Kutoka kwenye seli ya Jadotville hadi meza ya Bruxelles: hakuna njia nyingine kati ya miji hii miwili iliyosafiriwa kwa kasi kama hiyo. Joseph Kabasele na bendi yake ya African Jazz walikuwa mjini pia, wamealikwa kuwaburudisha wajumbe, na wimbo wa Indépendance Cha Cha ulisikika kwanza katika Hoteli Plaza, kwenye Boulevard Adolphe Max. Hoteli hiyo bado ipo. Si lazima kulala humo kuweza kuitazama kutoka ng'ambo ya barabara, ingawa iko upande wa chini wa mji na anayechelewa aiache.

Juu ya Mont des Arts kuna Place Royale, halafu bustani kubwa ya Parc de Bruxelles iliyonyooka mistari kama ya daftari la hesabu. Upande mmoja wa bustani ni jumba la mfalme, ambalo raia huruhusiwa kuingia wakati wa kiangazi tu. Upande mwingine, kwenye Rue Royale, yalikuwapo makao ya Société Générale de Belgique, na hapa inafaa kusimama kidogo, hata kama hakuna cha kupiga picha isipokuwa kuta za ofisi za benki.

Société Générale ilianzishwa 1822, kabla Ubelgiji yenyewe haijawa nchi. Jean Jadot, mhandisi aliyejijengea jina kwa kusimamia reli ya Beijing hadi Hankou huko China, alirudi kuifanyia kazi. Mwaka 1906, Société Générale ikishiriki, yalizaliwa kwa mkupuo makampuni matatu ambayo babu yeyote wa Katanga au Kasai anayakumbuka: Union Minière du Haut-Katanga, Forminière ya almasi, na BCK ya reli. Mwaka 1913 Jadot akawa gavana wa Société Générale, cheo alichokishika hadi kufa kwake 1932. Mji uliokua kandokando ya machimbo ya Likasi ukapewa jina lake, Jadotville, ukabaki nalo hadi 1966. Maamuzi juu ya kiwanda cha Shituru, kilichoanza kutoa shaba kwa umeme mwaka 1929, na juu ya bwawa la Mwadingusha lililokiwashia mitambo, yalipitia kwenye ofisi za mtaa huu wenye miti iliyokatwa vizuri. Union Minière ilinyang'anywa mali zake za Kongo kuanzia 1967, zikawa Gécamines. Kampuni yenyewe haikufa. Tangu 2001 inaitwa Umicore, na makao yake makuu yako bado Bruxelles, Rue du Marais.

Nyuma ya jumba la mfalme, kwenye Place du Trône, Leopold wa Pili amepanda farasi tangu 1926. Ni kazi ya Thomas Vinçotte. Magari hupita kwa fujo, na hakuna benchi la maana. Lakini maandishi yaliyochongwa yanasema jambo ambalo mgeni wa Likasi hatalipata kwenye kijitabu cha watalii: kwamba shaba na bati la sanamu hiyo vilitoka Kongo ya Kibelgiji, na kwamba vilitolewa bure na Union Minière du Haut-Katanga.

Bure. Neno hilo limekaa hapo kwa karibu miaka mia moja.

Juni 2020, baada ya George Floyd kuuawa Marekani, waandamanaji walipanda juu ya sanamu hiyo wakiwa na bendera ya Kongo, na rangi nyekundu ikamwagwa juu yake. Tarehe 30 ya mwezi huo Mfalme Philippe alimwandikia Rais Tshisekedi kueleza majuto yake makubwa kwa mateso ya enzi ya ukoloni. Neno la kuomba radhi hakulitumia. Februari 2022 kamati ya wataalamu iliyoundwa na serikali ya mkoa wa Bruxelles ilitoa ripoti yake kuhusu kumbukumbu za kikoloni mitaani, na miongoni mwa mapendekezo lilikuwemo hili: sanamu iyeyushwe, na madini yake yatengenezewe ukumbusho wa waliokufa. Wayeyushaji wa Likasi wangeifanya kazi hiyo kwa siku moja.

Kutoka kwa Leopold hadi kwa Lumumba ni dakika chache kwa miguu. Kwenye Porte de Namur, tangu 30 Juni 2018, kipande cha uwanja kina kibao cha samawati chenye jina la Patrice Lumumba. Ni padogo, na waliokidai kwa miaka mingi walitaka pakubwa zaidi. Hata hivyo mahali pamechaguliwa kwa akili, maana ndipo mlango wa Matonge unapoanzia.

Mtaa huu wa Ixelles ulipata jina la mtaa wa starehe wa Kinshasa, na ulikua kuzunguka hosteli ya wanafunzi wa Kongo iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwenye Chaussée de Wavre na katika vichochoro vya Galerie d'Ixelles kuna saluni za kusuka, maduka ya vitenge, kadi za simu, makayabu yaliyofungwa kwa plastiki, na ndizi zilizosafiri mbali kuliko wateja. Lugha ya mtaa ni Lingala. Mtu wa Katanga akisema Kiswahili dukani hutazamwa kidogo, halafu aghalabu hujitokeza mtu nyuma ya rafu kuuliza: "Mama, unatoka Lubumbashi?" Na bukari? Ipo, kwa jina la fufu, na sombe ipo kwa jina la pondu. Ni hapa pa kula mchana, si kwenye mikahawa ya Grand-Place ambako mhudumu husimama mlangoni akiwavuta wapita njia. Mkahawa unaomvuta mteja kwa mkono, iwe Bruxelles au sokoni Likasi, una sababu zake.

Siku ya pili ni ya Tervuren na makumbusho yake ya Kongo, isipokuwa ikiwa Jumatatu, siku ambayo makumbusho hayo hufungwa.

Anayetaka kuona zaidi njiani ashuke metro kwenye bustani ya Cinquantenaire. Tao lake kubwa la milango mitatu lilikamilika 1905, na Leopold alilipa kwa fedha zilizotoka Kongo huku majina ya watu wengine yakitangulizwa kama wafadhili. Katika bustani hiyo hiyo kuna mnara wa 1921 wa kuwasifu waanzilishi wa koloni, wenye sanamu ya askari Mbelgiji akimkanyaga mfanyabiashara ya watumwa Mwarabu. Kwa msomaji wa Kiswahili anayejua habari za Tippu Tip na vita vya Maniema vya 1892 hadi 1894, ni sanamu ya kuitazama kwa makini: inaeleza ushindi bila kutaja aliyefaidika.

Tramu namba 44 huondoka kituo cha Montgomery. Inafuata barabara pana iliyofunguliwa 1897, inapita msituni chini ya miti mirefu ya Soignes, na kufika mwisho wa njia kwa chini ya nusu saa. Kwa bei ya tiketi ya kawaida, ni mojawapo ya safari nzuri kabisa za jiji hili, hasa majani yanapobadilika rangi mwezi Oktoba.

Barabara, tramu na makumbusho vyote vina asili moja: maonyesho ya 1897, ambapo Leopold aliwaleta Wakongo 267 waishi katika vijiji vya maonyesho kando ya bwawa la Tervuren, watazamwe. Saba walikufa. Majina yao ni Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange, na makaburi yao yako kando ya kanisa la mji, mwendo mfupi kutoka makumbusho. Jumba la sasa, la mawe meupe, lilifunguliwa 1910 na Mfalme Albert, Leopold akiwa amefariki miezi michache kabla. Lilifungwa kwa ukarabati 2013 na kufunguliwa tena Desemba 2018, likiahidi kusimulia habari kwa namna nyingine.

Limefaulu kiasi gani? Wakongo wa Ubelgiji wanabishana hadi leo. Kuna mtumbwi wa mita 22 na nusu uliochongwa kwa gogo moja, ambao Leopold wa Tatu aliupanda alipotembelea Kongo 1957. Ni kazi ya kustaajabisha. Kuna ukuta wenye majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo katika enzi ya Dola Huru. Ukuta umehifadhiwa kwa sheria, haukuweza kubomolewa, basi msanii Freddy Tsimba wa Kinshasa akaandika majina ya wale saba kwenye vioo vya madirisha yanayouelekea: jua likiwaka, kivuli cha Ekia na wenzake kinatembea juu ya majina ya Wabelgiji. Wageni wengi hupita wakidhani ni mapambo ya dirisha. Katika ukumbi wa duara, kichwa kikubwa cha mbao cha Aimé Mpane kinatazamana na fuvu alilolichonga kwa ajili ya Lusinga, chifu wa magharibi mwa Ziwa Tanganyika aliyekatwa kichwa 1884 kwa amri ya Émile Storms.

Halafu mawe. Makumbusho yana chumba cha madini, na Katanga inatawala humo, kijani cha malakiti na buluu kila upande. Mtoto wa Likasi aliyezoea kuokota vipande kama hivyo kandokando ya reli ataviona vimewekwa kwenye kabati la kioo vikiwa na jina la kitaalamu na mwanga wa kutosha. Wataalamu wa madini duniani wana hata jiwe liitwalo likasiti, lenye rangi ya samawati, lililoelezwa kwa mara ya kwanza 1955 kutokana na sampuli za mgodi wa Likasi. Vilevile wanajua vema madini ya manjano ya Shinkolobwe, mgodi ulio karibu na Likasi ambao urani yake ilisafishwa kuanzia 1922 huko Olen, kijiji cha mkoa wa Antwerp, ili kutoa radiamu, dawa ghali ya saratani wakati ule. Baadaye Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, alipeleka tani zaidi ya 1,000 za mawe hayo New York mwaka 1940, na Wamarekani waliotengeneza bomu la Hiroshima wakayakuta yanasubiri kwenye ghala.

Hapo ndipo Atomium inapopata maana yake. Wengi huitaka kwanza: mipira tisa inayong'aa, mita 102 kwenda juu, mfano wa fuwele ya chuma iliyokuzwa mara bilioni 165, iliyosanifiwa na André Waterkeyn kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya 1958 kama sherehe ya nguvu ya atomu. Katika maonyesho hayo hayo kulikuwa tena na kijiji cha Wakongo, na waliowekwa humo walichoka kutupiwa matusi na ndizi, wakarudi kwao kabla maonyesho hayajaisha. Aliyebaki na mchana mmoja achague Tervuren. Aliyebaki na saa moja ya jioni apande metro ya mstari wa 6 hadi Heysel, auone mnara ukiwashwa taa, bila kununua tiketi ya kupanda. Mkaguzi yeyote wa metali kutoka Shituru atataka kujua mipira hiyo ni ya nini. Mwanzoni ilifunikwa kwa aluminiamu, na katika ukarabati wa 2004 hadi 2006 ikavikwa chuma kisichoshika kutu. Vipande vya zamani viliuzwa kwa wananchi kugharimia kazi hiyo, pembetatu moja yuro 1,000.